Zamu ya Mwanaisha

Kila asubuhi Tabu alichota maji, akafagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akaenda nyuma ya nyumba kushughulikia jambo lililokuwa zito kuliko hayo yote. Jambo hilo lilikuwa gari.

Gari lenyewe lilikuwa ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya miti miwili, na kila mti ulichomekwa gurudumu huku na huku. Usukani wake ulikuwa kamba ya magome. Breki halikuwa nayo. Kazi hiyo ilikabidhiwa visigino vya Majaliwa, rafiki yake Tabu, kwa kuwa hakukuwa na mtoto mwenye visigino vigumu kama vyake katika kijiji kile cha karibu na boma la Songea. Gari lilikuwa pia na sheria. Mwenye kamasi hapandi. Anayelia akianguka hapandi kesho yake. Asiyesukuma haruhusiwi hata kutoa maoni. Sheria hizo zilitungwa na Tabu, zikapitishwa na Tabu, na Majaliwa alipoomba zijadiliwe aliambiwa kwamba kikao kimekwisha.

Wazo walilipata bomani. Huko waliwahi kuwaona wafungwa wakivuta gari la Mjerumani lililojaa mawe. Watu wazima waliona mateso. Tabu aliona magurudumu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu azaliwe hakuwahi kuona mzigo ukisafiri bila kichwa cha mtu chini yake.

Magurudumu yao yalitoka kwa baba yake. Baba alikuwa mchongaji wa mabakuli ya mti. Kabla ya kwenda vitani alikata mapande ya mviringo kutoka gogo la mninga, akayaegemeza ukutani. "Nikirudi nitayachimba yawe mabakuli," alisema. Kisha akanyunyiziwa ile dawa ya maji, ambayo watu waliambiwa ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, akachukua mkuki wake, akaondoka na wenzake asubuhi moja ya kipupwe. Risasi hazikugeuka chochote. Wanaume wachache waliorudi hawakutaka kuulizwa, na baba yake Tabu hakuwa miongoni mwao.

Siku Tabu alipoomba kuyafanya yale mapande magurudumu, mama yake aliyapitishia kiganja moja moja.

"Chukua," alisema mwishowe. "Afadhali yazunguke kuliko kuliwa na mchwa."

Gurudumu moja lilikuwa na pengo ukingoni, mahali ambapo kifundo cha mti kilikuwa kimetoka. Kwa hiyo kila gari lilipoteremka kilima lilichechemea kidogo, na ardhini liliacha mstari mrefu wenye kinundu, halafu kinundu, halafu kinundu, mpaka chini kabisa.

"Gari letu limechanjwa chale," alisema Majaliwa kwa fahari. "Likipotea, tutalijua."

Mwanzoni gari lilikuwa na kelele zisizovumilika. Aliyelinyamazisha alikuwa jirani yao, Mwanaheri, Myao kutoka upande wa Tunduru. Mume wake alikuwa mchuuzi wa chumvi. Ndui ilimuua wakiwa safarini, na Mwanaheri akabaki hapo kijijini na binti yake mdogo, Mwanaisha. Alikamua mafuta ya nyonyo na kuyabadilisha kwa nafaka na chumvi, kijijini na bomani.

"Shikamoo, Mama Mwanaisha," watoto walimwamkia siku alipotokea nyuma ya nyumba akiwa amekunja uso.

"Marahaba. Hivi hili gari mnaliendesha au mnalichinja?"

"Lina hasira, mama," alisema Majaliwa.

"Lina kiu." Mwanaheri alipiga magoti, akafungua kibuyu chake kidogo, akatia mafuta kila mahali ambapo mti uligusana na mti. Kidole chake kilipofika kwenye lile pengo kilisimama. "Na huyu naye kang'oka jino. Mpeni pole."

Mwanaisha alikuwa amesimama kando, tumbo mbele, mikono nyuma, kama mkaguzi. "Zamu yangu lini?" aliuliza.

"Kesho," alijibu Tabu.

Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Alikuwa mdogo mno, angeanguka, na nani angejieleza kwa mama yake? Lakini Mwanaisha hakununa hata mara moja. Kila siku alikimbia nyumbani na furaha ileile, akamtangazia mama yake kwamba zamu yake ni kesho.

Miezi ile askari wa Mjerumani walikuwa wakizunguka vijijini kuchoma maghala. Waliona kuwa njaa hupigana vizuri kuliko bunduki, tena haiombi mshahara. Wanawake wakahamisha mahindi, ulezi na maharage, kidogo kidogo, mpaka kwenye pango lililojificha chini ya milima ya Matogoro. Kwenda huko kulikuwa na utaratibu wake. Mtu alipita ndani ya kijito, maji yakiwa magotini na kikapu kichwani, ili asiache unyayo. Alipotoka majini alifuta nyayo zake kwa tawi lenye majani. Hata watoto walijua kufuta. Walifundishwa kama walivyofundishwa kuamkia.

Siku moja, baada ya mvua za kwanza, mama yake Tabu alishikwa na homa.

"Nenda wewe leo, mwanangu. Lete ulezi wa kututosha siku chache. Upite kijitoni, umesikia? Na ufute."

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Lakini kijito kilikuwa baridi, mawe yake yaliteleza, na kikapu cha ulezi kina tabia ya kuzama shingoni. Na nyuma ya nyumba gari lilikuwa limekaa bure.

"Tupite njia ya juu," alimwambia Majaliwa. "Gari litabeba."

"Na nyayo?"

"Tutafuta. Kwani tawi hufanya kazi kijitoni tu?"

Majaliwa hakuwa na jibu, na asiye na jibu huvuta kamba. Walikwenda na gari tupu, wakarudi nalo limebeba ulezi. Walitembea pembezoni mwa njia, gari likipita katikati, na kila baada ya hatua chache Tabu aliinama kufuta kwa bidii ambayo mama yake angejivunia. Alifuta visigino. Alifuta vidole. Alifuta hata mahali ambapo Majaliwa aliteleza akakaa kitako, akamwambia kwamba hilo lilikuwa kubwa kuliko nyayo zote.

Ile mistari ya magurudumu, iliyozama katikati ya udongo laini, hakuigusa. Haikumjia akilini kabisa. Maisha yake yote alifundishwa kwamba kinachomsaliti mtu ni miguu, na gari halikuwa na miguu.

Kesho yake kikosi cha askari kilipita njia ya juu. Katika nchi yote ile kulikuwa na gari moja tu, nalo lilikuwa bomani. Sasa nani huyu aendeshaye gari porini? Wakafuata mistari.

Kijiji kiliona moshi kabla ya kusikia habari. Askari walipokwisha kuondoka, watu wakakimbilia pangoni, lakini hakukuwa na cha kuokoa. Ulezi ulikuwa ukifuka moshi. Mahindi yalikuwa makaa. Pango zima lilinukia vizuri, kama jiko la nyumba yenye sherehe, na harufu hiyo ndiyo iliyowaliza wanawake.

Buti za askari zilikuwa zimevuruga njia yote isipokuwa kipande kidogo chini ya mwamba. Hapo Tabu aliuona mstari. Kinundu, halafu kinundu, halafu kinundu. Alitazama huku na huku, akaweka mguu wake juu ya alama ile, akaisugua mpaka ikapotea.

Alipoinua macho, Mwanaheri alikuwa akiutazama mguu wake.

Alimpandisha Mwanaisha mgongoni, akageuka, akaondoka.

Mchana huohuo watu walikutana uwanjani. Aliyeongoza alikuwa Mzee Ngonyani, babu yake Majaliwa, kwa kuwa waliostahili kuongoza baada yake walikuwa wamekufa vitani.

"Pango lile hata fisi hakulijua," alisema. "Nani amewaonyesha?"

"Muulizeni huyu mgeni," ilisema sauti ya mwanamke. "Juzi alikuwa bomani."

"Nilipeleka mafuta," alisema Mwanaheri. "Napeleka siku zote. Chumvi mnayokula mnadhani inatoka wapi?"

"Na safari hii ukapeleka na habari?"

"Wako askari wanaosema lugha yake," alidakia mwingine. "Nilimwona mmoja akicheka naye."

"Alicheka peke yake, mama. Alikuwa amenipokonya kibuyu kimoja cha mafuta."

Mama yake Tabu, aliyekuwa amejifunika shuka kwa homa, aliinua kichwa. "Jamani, tuna hakika na haya tunayosema?"

"Kama si yeye ni nani?" aliuliza Mzee Ngonyani. Akawazungushia watu macho taratibu. "Mwenye neno aseme."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekwama kooni mwa Tabu kama mwiba wa samaki. Majaliwa alimtazama yeye, naye alitazama siafu waliokuwa wakipita karibu na vidole vyake. Akisema, mama yake ataaibika mbele ya kijiji. Akisema, watu wenye njaa na hasira watamfanya nini? Hasira ikipoa, alijiambia, nitasema. Nitasema kesho.

"Basi," alisema Mzee Ngonyani. "Jua lisizame ukiwa hapa."

Mwanaheri hakuwa na vitu vingi vya kufunga. Tabu alijificha ndani, akasikia nyayo zikija nyuma ya nyumba, zikasimama karibu na gari, kisha zikaendelea. Alipochungulia mlangoni alimwona Mwanaisha mgongoni mwa mama yake, shingo imegeuka, anamtazama.

"Kesho, ee?" aliita Mwanaisha.

Tabu alirudisha kichwa ndani.

Njaa haikuchelewa. Ule ulezi uliokuja na gari ndio uliobaki kijijini, na mama yake Tabu aliugawa kwa majirani mpaka vibaba vikawa vya kulamba. Kesho ikapita, na kesho nyingine. Kila siku Tabu aliamka akiwa amekusudia kusema, na kila siku alikuta sababu nzuri ya kungoja. Gari hakuligusa.

"Babu ananiuliza kwa nini siku hizi sichezi," alisema Majaliwa siku moja. Hakufanya mzaha. "Nimemwambia naumwa. Kweli naumwa, Tabu."

Ndipo Tabu alipokwenda nyuma ya nyumba. Juu ya ubao wa gari, mahali ambapo dereva huketi, palikuwa na kibuyu kidogo. Alikijua. Alikitikisa, kikasikika kizito. Kilikuwa kimejaa mafuta.

Mtu aliyefukuzwa, mwenye mtoto mgongoni, asiye na chakula, alikuwa ameacha kitu pekee ambacho angeweza kubadilisha njiani apate chakula. Alikiacha kwa ajili ya gari la watoto.

Tabu alikibeba kibuyu kwa mikono miwili mpaka kitandani kwa mama yake, akasema yote: njia ya juu, mistari, mguu, siafu. Alisema bila kupumzika, kana kwamba angenyamaza angeshindwa kuanza tena.

Mama hakumpiga. Ingekuwa rahisi kama angempiga. Aliinuka, akajifunga shuka yake, akamshika mkono mpaka kwa Mzee Ngonyani.

"Rudia," alimwambia.

Tabu akarudia. Alipomaliza, Majaliwa alijitokeza mlangoni. "Na mimi, babu. Mimi ndiye niliyevuta."

Mzee Ngonyani aliketi chini kwenye vumbi, papo hapo alipokuwa amesimama. "Nimemfukuza mtu kwa mdomo huu," alisema. Kisha akainuka kwa taabu. "Leteni hilo gari. Ana mtoto, na mtoto hataweza kutembea."

Wote wanne wakashika njia ya Tunduru. Tabu alivuta gari na hakukubali kupokewa. Alikuwa amelitia mafuta magurudumu yote, akatandika nguo yake ya kujifunikia juu ya ubao, akaviringisha nyasi kandokando ili mtoto asianguke. Njiani alikuwa akipanga maneno. Mwanaisha, zamu yako. Leo si kesho. Panda, ushike hapa.

Walimkuta Mwanaheri ameketi kando ya njia, mahali ambapo hapakuwa mbali hata kidogo kwa mtu aliyeondoka siku zote zile. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Tabu alimtafuta mtoto kwa macho mgongoni mwake, kisha kichakani, kisha njiani. Mwisho ndipo alipoona kilima kidogo cha udongo mpya, kifupi, kilichozungushiwa mawe.

"Alikuwa na homa," alisema Mwanaheri. Mkono wake ulikuwa juu ya udongo. "Nimemwombea dua peke yangu. Hakukuwa na wa kuitikia."

Mama yake Tabu alijifunika uso. Mzee Ngonyani alipiga magoti, mzee mzima na mvi zake, mbele ya mwanamke aliyemfukuza.

"Mama Mwanaisha, nimekukosea. Si wewe."

"Najua kuwa si mimi," alisema Mwanaheri.

Tabu alisogea, kamba ya gari ingali mkononi. "Ni mimi, mama. Tulipita na gari. Na alama niliifuta."

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angemsikiliza mgeni akimsema mtoto wa kijiji?" Mwanaheri alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wafike. Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tena nilijua utasema. Nilijiambia, huyu si mtoto mbaya, ameshikwa na woga tu, ukimtoka atasema na watatufuata. Kwa hiyo nilitembea polepole. Kila penye mwinuko nilisimama, nikageuka nyuma. Kama ningetembea kwa haraka, ningekuwa nimefika kwa ndugu zangu."

Mzee Ngonyani aliinua viganja, na mama yake Tabu na watoto wakainua vya kwao. Mwanaheri alisoma dua tena, na safari hii walikuwepo wa kuitikia.

Walirudi naye akiwa juu ya gari, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Gari lilikwenda kimya kabisa.

Siku iliyofuata Tabu alichukua kijinga cha moto, akaenda nyuma ya nyumba. Mwanaheri alimkuta akikusanya nyasi kavu chini ya ubao.

"Unafanya nini?"

"Nalichoma, mama. Ndilo lililoleta yote."

"Zima moto huo. Kwanza, ukilichoma, ming'oko itabebwa na nani? Watu hawana nguvu ya kubeba hata vichwa vyao." Ming'oko ni mizizi ya porini, na mwaka ule ndiyo iliyobaki kuwa chakula. Mwanaheri aliketi juu ya gogo. "Sasa nisikilize vizuri, maana sitayasema tena. Chakula kilichomwa na Mjerumani na askari wake. Usijitwishe dhambi yao. Kupita njia ya juu lilikuwa kosa lako, lakini lilikuwa kosa la mtoto mvivu wa kijito, na hilo nililisamehe palepale pangoni. Kilichobaki ni kule kunyamaza. Hukulazimishwa na mtu. Ukweli ulikuwa nao mdomoni, na mbele yako alikuwa amesimama mtu ambaye ungemwokoa, wewe ukauahirisha mpaka kesho. Wengine kesho yao haifiki, Tabu. Neno la kumwokoa mtu lisemwe leo, hata kama magoti yanagongana."

Tabu alikuwa akilia. "Na hilo utanisamehe?"

"Bado," alisema Mwanaheri. "Nikiweza, utajua. Sasa shika kamba, twende porini."

Mwaka wote ule wa njaa gari lilibeba ming'oko, kuni, maji ya wagonjwa, na mara nyingi, nyingi mno, wale waliokwenda kuzikwa. Mzee Ngonyani alikuwa mmoja wao. Tabu alilivuta kila mara. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemwambia inatosha.

Mvua nyingine zikaja, watu wakapanda mbegu chache walizopata, na ulezi ukakomaa. Siku moja baada ya mavuno watoto waliobaki walikusanyika juu ya kilima, wembamba, wenye macho makubwa, wakingoja. Sheria zote zilikuwa zimefutwa. Hata mwenye kamasi aliruhusiwa.

"Nani anaanza?" aliuliza Majaliwa.

Kabla Tabu hajajibu, Mwanaheri alipanda kilima na kibuyu chake. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti, akatia mafuta kila mahali ambapo mti uligusana na mti, na kidole chake kilipofika penye pengo kilisimama hapo kwa muda. Kisha akainuka, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Tabu, akauacha hapo.

"Haya," alisema. "Ni zamu ya nani?"

"Ya Mwanaisha," alisema Tabu.

Majaliwa alielewa. Aliviringisha nyasi kandokando ya ubao ili mtu asianguke. Tabu akaliachilia gari. Liliteremka tupu, polepole, kisha kwa kasi, likichechemea kidogo kila mzunguko, na hakuna mtoto aliyelikimbilia mpaka liliposimama lenyewe chini kabisa.